Moyo kwenda mbio kwenye usaili: Usikimbilie kidonge cha rafiki

Umeitwa kwenye usaili wa kazi. Vyeti viko kwenye bahasha, shati limepigwa pasi na majibu umeyakariri. Lakini jina lako linapoitwa, moyo unadunda, mdomo unakauka, viganja vinalowa jasho, na jibu ulilolijua jana usiku limepotea. Wengi hutoka hapo wakiamini hawana akili au wamefanyiwa kitu. Hapana. Huo ni mwili unaofanya kazi yake.

Ubongo unapohisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini kwenye damu. Moyo huenda kasi, mate hupungua na misuli hujiandaa kana kwamba unataka kukimbia. Ukihema harakaharaka, kiwango cha kabonidayoksaidi katika damu hushuka, ndipo huja kizunguzungu na ganzi ya vidole.

Hapa ndipo vijana hupeana ushauri wa hatari: "Meza propranololi, utatulia." Ni kweli dawa hii hupunguza mapigo ya moyo na kutetemeka, na madaktari huiandika kwa mgonjwa waliyempima. Lakini kwa mwenye pumu inaweza kubana njia za hewa hadi kuhatarisha maisha. Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini, inaweza kuficha dalili za sukari kushuka. Diazepamu nayo huleta usingizi na hudhoofisha kumbukumbu. Vinywaji vya kuongeza nguvu, kwa sababu ya kafeini, huzidisha kudunda kwa moyo.

Ufanye nini basi?

Usiku wa kuamkia usaili, lala. Asubuhi kula chakula ulichokizoea na unywe maji. Fika mapema. Ukiwa kwenye benchi, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, kisha itoe polepole ukihesabu hadi 6. Rudia kwa dakika 3 hivi. Kutoa pumzi kwa utulivu hupunguza kasi ya moyo.

Usikariri majibu neno kwa neno, maana neno moja likipotea yote hupotea. Andaa matukio matatu au manne ya kweli kutoka masomoni, kazini au kwenye biashara ya nyumbani: tatizo lilikuwa nini, wewe ulifanya nini, matokeo yakawa nini. Ukiulizwa udhaifu wako, taja mmoja wa kweli na hatua unayochukua kuurekebisha.

Swali likikushtua, nyamaza kidogo, uvute pumzi moja. Unaweza kusema, "Naomba urudie swali." Usipojua jibu, sema hujui na ueleze utakavyolitafuta. Jopo husikia haraka jibu la kubahatisha.

Wazazi, mnaweza kusaidia. Kaeni mezani jioni mjifanye jopo, kijana ajibu kwa sauti na kwa kusimulia. Mwili unaozoea jambo hulishtukia kidogo. Ila asubuhi ya usaili msimwambie kwamba ada za wadogo zake zinamtegemea yeye. Analijua hilo. Mwambieni tu chai iko tayari.

Nenda hospitali iwapo wasiwasi unakuandama siku nyingi hata pasipo usaili, unakunyima usingizi, au unakufanya ukatae kwenda kabisa unapoitwa. Nenda pia kama moyo hudunda ukiwa umetulia, kwani upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huweza kuwa chanzo. Ukizimia au ukipata maumivu ya kifua, usisubiri. Wasiwasi uliozidi una tiba, ikiwemo ya mazungumzo na mtaalamu, na si kila mgonjwa huhitaji dawa.

Mikono ikitetemeka kidogo unapopokea maji mbele ya jopo, acha itetemeke. Wasaili nao waliwahi kukaa kwenye kiti hicho. Wanachosubiri ni jibu lako.