Wachache Dhidi ya Wengi? Kuanguka kwa Dola ya Wahehe, 1891–1898

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu kuanguka kwa dola ya Wahehe huanza na idadi: maofisa wachache wa Kijerumani waliishinda jamii iliyoweza kukusanya maelfu ya wapiganaji. Kutokana na idadi hiyo hutolewa jibu moja, kwamba bunduki ndiyo iliyoamua. Makala haya yanaonesha kuwa hesabu yenyewe ina kasoro.

Silaha zilikuwa na nafasi yake, lakini mapigano ya Lugalo yanakataa kuzipa nafasi yote. Tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Emil von Zelewski, chenye askari zaidi ya mia tatu pamoja na mizinga na bunduki za Maxim, kilivamiwa kikiwa safarini karibu na Iringa. Msafara ulikuwa umejinyoosha kwa mstari mrefu, silaha nzito zikiwa zimebebeshwa punda. Wapiganaji wa Mkwawa, wengi wao wakiwa na mikuki, waliwafikia kabla silaha hizo hazijaandaliwa. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake.

Hao "wachache" walikuwa nani hasa? Maofisa walikuwa Wajerumani, lakini kiini cha jeshi kilikuwa Wasudani walioandikishwa Misri na Hermann von Wissmann mwaka 1889, pamoja na askari kutoka Msumbiji. Nyuma yao walikuwapo wapagazi, ambao bila wao hakuna risasi ambayo ingefika Kalenga. Pembeni yao walikuwapo majirani wa Wahehe, na hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe.

Uhehe ilikuwa dola changa. Munyigumba aliiunganisha kutokana na tawala nyingi ndogo katika karne ya 19, na mwanawe Mkwawa akaipanua kwa vita. Gharama ya upanuzi huo ililipwa na wengine. Wasangu, ambao awali ndio waliotamba katika eneo hilo, walifukuzwa Utengule ya Usangu wakahamia Usafwa, jirani na Mbeya ya leo. Kwa mtawala wao, Merere, Mjerumani hakuwa mvamizi wa kwanza; alikuwa njia ya kurudi nyumbani. Kiwanga wa Ubena, upande wa bonde la Kilombero, naye alichagua upande huohuo.

Ngome ya Kalenga ilitekwa na Friedrich von Schele tarehe 30 Oktoba 1894. Kuta zake zilifaa dhidi ya mikuki, si mizinga. Inashangaza kwamba mshindi wa Lugalo aliamua kumngoja adui ndani ya kuta. Hata hivyo, Mkwawa alitoroka, na vita viliendelea kwa karibu miaka minne. Kilichommaliza ni njaa na mgawanyiko. Tom von Prince alijenga kituo Iringa mwaka 1896, mashamba na maghala yakachomwa, na Mpangile, ndugu yake Mkwawa, akatawazwa mwishoni mwa mwaka huo, kisha akanyongwa na Wajerumani haohao mapema mwaka 1897. Merere alirejeshwa Usangu. Mkwawa, akiwa amezingirwa, alijiua Julai 1898.

Miaka saba baadaye, Vita vya Maji Maji vilipozuka, Wahehe wengi hawakujiunga na waasi. Baadhi yao walipigana upande wa Wajerumani.