Mlango wa kanisa lako una ngazi ngapi?



Jumapili hii twende pamoja hadi Songwa, wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Wakati wa kiangazi ni vumbi tupu. Mvua zikinyesha, udongo mweusi wa mbuga hunasa hata gurudumu la mkokoteni.

Fikiria mtoto wa huko aliyezaliwa na mgongo wazi. Sasa ana miaka tisa. Miguu yake haina nguvu, wala haisikii maumivu. Mama amembeba tangu siku ya kwanza, na sasa mtoto amekuwa mzito. Siku moja kiti mwendo kinafika nyumbani.

Tunadhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Kiti lazima kilingane na mwili wake, maana kikiwa kipana mno atakaa upande. Lazima kiwe na mto mzuri, naye ajifunze kujiinua kwa mikono mara kwa mara, kwa sababu ngozi isiyosikia hupata vidonda bila mwenyewe kujua. Kisha mikono yote miwili isukume sawasawa, la sivyo kiti kinageuka. Penye mchanga au shimo ajifunze kuinua kidogo magurudumu ya mbele. Ataanguka. Na mama ana somo lake, pengine gumu zaidi: kuondoa mikono yake nyuma ya kiti na kumwacha mtoto aende.

Sasa Jumapili imefika. Amejisukuma mwenyewe hadi kanisani. Mbele ya mlango kuna ngazi tatu.

Katika Marko sura ya 2, watu wanne walimbeba mwenzao aliyepooza wakashindwa kumfikisha kwa Yesu, mpaka wakatoboa dari. Je, umewahi kujiuliza nani alikuwa ameziba mlango? Si adui wa Injili. Ni watu waliokuja kusikiliza Neno! Watu kama mimi na wewe, wenye nafasi nzuri ndani, tusiogeuka kutazama nyuma.

Wapo watakaosema, "Tumwombee apone, kiti ni kukata tamaa." Mpendwa, omba, wala usiache. Lakini soma pia 2 Samweli sura ya 9. Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, alilemaa akiwa na miaka mitano, yaya wake alipomwangusha wakikimbia. Daudi hakumponya miguu. Alimrudishia mashamba ya babu yake Sauli na kumpa nafasi ya kudumu kwenye meza ya mfalme. Sura hiyo inamalizika akiwa bado kilema wa miguu yote miwili, na bado yuko mezani. Hakungoja kupona ndipo akaribishwe.

Mtoto anayeombewa kila wiki lakini haulizwi kama angependa kuimba kwaya anajifunza jambo moja: kwamba kanisa linamsubiri awe mtu mwingine. Tusimfundishe hivyo.

Basi wiki hii fanya jambo dogo. Simama mlangoni pa kanisa lako upime kimo cha ngazi. Kila sentimita 1 ya kimo inahitaji sentimita 12 za mteremko. Ngazi zenye kimo cha sentimita 45 zinataka mteremko wa mita 5 na sentimita 40. Ni kazi ya saruji, kokoto na fundi mmoja. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inataka majengo ya umma yafikike, lakini sisi tusingoje sheria itusukume. Kisha ondoa benchi moja mbele, si nyuma karibu na mlango, kiti kipate pa kukaa.

Wale wanne walitoboa dari kwa sababu mlango ulizibwa. Sisi tunaweza kuufungua.