Anayeogelea ili kupunguza uzito aangalie pia sahani

Jioni za wikendi, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, maarufu kama Pirates, hujaa wakazi wa Mombasa. Baadhi yao ni watu wazima wanaoingia baharini ili kupunguza uzito. Ni uamuzi mzuri, kwa sababu maji hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili, na hata mwenye maumivu ya magoti anaweza kufanya mazoezi bila kuyaumiza zaidi. Hata hivyo, wapo wanaoogelea kwa miezi kadhaa bila mizani kushuka.

Mara nyingi sababu ni chakula. Mtu mwenye kilo 70 akiogelea nusu saa kwa mwendo wa kawaida hutumia takriban kalori 200. Soda moja ya nusu lita hurudisha kiasi hicho chote, nayo ina sukari ya karibu vijiko 13 vya chai. Akiongeza viazi karai au mahamri, atakuwa amekula zaidi ya alichotumia. Kuona njaa baada ya kuogelea ni kawaida, hasa maji yakiwa baridi, hivyo ni vyema chakula cha kurudia kiandaliwe mapema nyumbani.

Kabla ya kuogelea

Mlo mzito uliwe saa 2 hadi 3 kabla ya kuingia majini. Muda ukiwa mfupi, ndizi mbivu moja au kipande cha kiazi kitamu kinatosha. Maji ya kunywa nayo yasisahaulike: mwogeleaji hutoka jasho ila halioni, na kiu huweza kudhaniwa kuwa njaa.

Baada ya kuogelea

Nusu ya sahani iwe mboga kama mchicha, sukuma wiki au kachumbari. Robo iwe samaki, pojo au maharagwe, na robo iliyobaki iwe wali, ugali au muhogo wa kuchemsha. Samaki wa kuchemsha au wa kuchoma ni bora kuliko wa kukaanga. Anayependa mchuzi wa nazi atumie tui jepesi, kwani tui zito lina mafuta mengi.

Kujinyima chakula ni hatari

Wapo wanaokaa na njaa kutwa nzima kisha wakaenda kuogelea wakitarajia kupungua haraka. Nguvu zikiwaishia nchi kavu watakaa chini wapumzike. Zikiwaishia kwenye maji ya kina, wanaweza kuzama. Kasi salama ya kupungua ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki.

Wenye kisukari, hasa wanaodungwa insulini, wawe waangalifu zaidi. Sukari ikishuka mtu hutetemeka, hutoka jasho na kuchanganyikiwa, dalili ambazo ni vigumu kuzitambua majini. Wapime sukari kabla ya kuogelea; ikiwa chini ya 5 wale kitu kwanza na wapime tena. Waweke juisi au glukosi karibu, na wasiogelee peke yao. Dawa isipunguzwe bila ushauri wa daktari.

Jinsi ya kujua hali yako

Gawanya uzito wako kwa kilo kwa urefu wako kwa mita, kisha ugawanye tena kwa urefu huo. Jibu la 25 au zaidi ni uzito uliozidi, na 30 au zaidi ni unene wa kupindukia. Mwenye kilo 80 na urefu wa mita 1.60, kwa mfano, hupata 31. Pima pia kiuno kwa utepe, kwa sababu kinaweza kupungua hata kabla ya mizani kuonyesha tofauti.

Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo aende kwanza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ili apimwe na kushauriwa kabla ya kuanza mazoezi haya.