Betri hufa gari likiwa limeegeshwa: Mtoto asilaumiwe kabla ya kupima

Gari la michezo la miaka ya 1990 halinunuliwi kwa ajili ya kwenda sokoni. Mara nyingi huwa gari la pili la nyumba, lenye viti viwili, hufunikwa turubai uani na kutolewa Jumapili au siku ya harusi. Ndiyo maana kinachowasumbua wenye magari haya mara nyingi si injini, ni betri. Gari likikaa wiki mbili, ufunguo unazungushwa, stata inagonga mara mbili tatu, kisha kimya.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Mtoto aliacha redio inalia, mama hakufunga buti vizuri, baba aliuziwa betri feki. Betri mpya inanunuliwa kwa fedha iliyotengwa kwa jambo jingine, mwezi unapita, na hali ni ileile.

Betri ya pili ikifa kama ya kwanza, kuna uwezekano mkubwa kwamba betri haina kosa. Ndani ya gari kuna kitu kinachoendelea kula umeme hata baada ya ufunguo kutolewa. Kukipata kunahitaji mita ya umeme, ambayo bei yake ni ndogo kuliko ya betri, pamoja na muda na subira.

Hesabu ya umeme unaopotea

Hakuna gari lenye saa, alamu au redio ya kisasa ambalo halitumii umeme kabisa likiwa limezimwa. Kiasi kinachokubalika kwa kawaida ni kati ya miliampea 20 na 50. Kwa miliampea 50, gari hutumia ampea-saa 1.2 kwa siku. Betri ndogo ya ampea-saa 40 itakuwa imepoteza karibu 17 baada ya wiki mbili. Ikiwa nzima na ilikuwa imejaa, bado inaweza kuwasha injini.

Mambo hubadilika taa ndogo ya buti ya wati 5 inapobaki inawaka. Taa hiyo hula ampea-saa 10 kwa siku. Betri ileile ya 40 itabaki na nusu ndani ya siku mbili, na kufikia siku ya nne haitakuwa na kitu. Taa ambayo hakuna anayeiona, kwa sababu buti limefungwa, inatosha kuzua ugomvi wa nyumba nzima.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuhesabu siku. Gari linalokufa usiku mmoja lina tatizo tofauti na linalokufa baada ya mwezi.

Betri ipimwe kwanza

Betri ichajiwe hadi ijae, iachwe usiku mmoja bila kuguswa, kisha ipimwe. Ikisoma volti 12.6 au zaidi kidogo, imejaa. Ikisoma 12.2, imebaki na nusu hivi. Chini ya 12, imekaribia kuisha.

Baada ya hapo waya wa hasi ufunguliwe, gari likae siku tatu au nne, na betri ipimwe tena. Ikiwa imeshuka sana ilhali haijaunganishwa na chochote, yenyewe ndiyo mbovu. Ikibaki vilevile, lakini hufa kila inapounganishwa, umeme unapotelea ndani ya gari. Kipimo hiki kinahitaji spana moja na mita tu, na kimewaokoa wengi kununua betri wasiyoihitaji.

Injini ikiwa inanguruma, mita isome kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikisoma chini ya hapo, huenda altaneta haichaji vizuri, na betri inaingia uani ikiwa tayari na njaa.

Kumsaka mwizi wa umeme

Gari lizimwe, ufunguo uwekwe mbali, milango ifungwe. Mita iwekwe kwenye ampea 10, na waya wake mwekundu uhamishiwe kwenye tundu la ampea 10. Waya wa hasi wa gari ufunguliwe, kisha mita iunganishwe kati ya waya huo na kichwa cha hasi cha betri, ili umeme wote upite ndani ya mita. Katika hali hiyo ufunguo usizungushwe hata kidogo. Stata huvuta zaidi ya ampea 100, na fyuzi ya mita itaungua papo hapo.

Namba ya mwanzo isimtishe mtu. Alamu na vifaa vingine huchukua dakika kadhaa, na katika baadhi ya magari hadi saa moja, kabla ya kutulia. Ikiwa baada ya hapo mita bado inasoma miliampea 300, mwizi yumo.

Fyuzi zitolewe moja moja, kila moja irudishwe kabla ya kutoa inayofuata. Itakayoshusha namba ghafla ndiyo yenye njia inayovuja. Mfuniko wa sanduku la fyuzi huonyesha njia hiyo inahudumia nini, na vifaa vyake vichomolewe kimoja kimoja.

Namba isiposhuka kwa fyuzi yoyote, kuna vitu vilivyoungwa moja kwa moja kwenye betri. Altaneta yenye dayodi mbovu ni mfano. Dalili yake moja ni kubaki na uvuguvugu saa nyingi baada ya injini kupoa.

Mikono ya mafundi wengi

Gari la miaka 30 limepita kwa wenyewe wengi na mafundi wengi. Alamu, redio yenye amplifaya na vifaa vya kulifuatilia gari mara nyingi vilifungwa baadaye, waya zikaunganishwa kwa utepe na kupelekwa kwenye umeme wa kudumu. Hivyo ndivyo vya kuangaliwa kabla ya kuzituhumu waya za kiwandani.

Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka 1989 na kuuzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster, ni mfano mzuri. Betri yake ndogo imewekwa ndani ya buti, na kiwanda kiliweka mirija ya kupeleka gesi nje. Anayebadilisha betri kila mara kwa kuweka yoyote inayoenea, isiyo na mirija, huacha mvuke wa asidi ule bati la buti. Kutu hiyo ni ghali kuliko betri yenyewe.

Kwa gari la aina hii buti hubaki wazi wakati wa kupima, hivyo balbu yake itolewe kwanza isivuruge namba. Kujua kama taa ya buti huzimika, simu iachwe ndani ikirekodi video na buti lifungwe kwa dakika moja.

Gari lisilotoka

Hata gari zima huchosha betri likikaa miezi. Kuliwasha dakika tano kila wiki hakusaidii, maana stata huchukua umeme mwingi ambao muda huo mfupi haurudishi. Ni afadhali kufungua waya wa hasi, au kutumia chaja ndogo inayojizima na kujiwasha yenyewe. Kama redio ina namba ya siri, iandikwe kwanza. Betri isiachwe tupu kwa muda mrefu, kwani sahani zake hushika ukoko wa salfeti, na joto la pwani huharakisha uharibifu huo.

Watoto wakae mbali na kazi hii. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche, hivyo ichajiwe penye hewa na pasipo moto. Pete na saa za chuma zivuliwe. Waya wa hasi hufunguliwa wa kwanza na kurudishwa wa mwisho. Asidi ikiingia jichoni, lioshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, na safari ya hospitali isicheleweshwe.

Asiye na mita, au anayeogopa waya, bado ana la kufanya kabla ya kumwita fundi umeme. Aandike kwenye karatasi gari hukaa siku ngapi kabla ya kufa, betri ilisoma volti ngapi ilipofunguliwa waya, na vifaa gani viliongezwa baada ya gari kununuliwa. Fundi akiipata karatasi hiyo huanza na waya. Asipoipata, mara nyingi atashauri betri mpya.