Shamba la Nyumbani: Daftari Kwanza, Jembe Baadaye

Mvua fupi zikikoma na maharagwe yakiisha kuvunwa, wakulima wengi wa nyanda za juu za Kenya hudhani kwamba shamba la mboga limelala mpaka mvua ndefu za mwezi wa Machi. Sivyo. Januari na Februari ndiyo miezi ya kulihesabia shamba hilo, kwa maana makosa ya msimu uliopita yangali yanaonekana. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari". Na mboga za watoto ni mali.

Kazi yenyewe si ngumu. Mwenye shamba, au mtoto wake aendaye shule, na achore matuta yote katika daftari. Kwa kila tuta aandike mambo manne: kilichopandwa, siku kilipopandwa, mavuno yake, na madhara yaliyokipata.

Lililo kubwa ni kujua mahali. Watu hukumbuka walichovuna, lakini husahau kilikuwa tuta gani. Nyanya, viazi vya kizungu, mabiringani na pilipili hoho ni mimea ya ukoo mmoja, na ugonjwa wa mnyauko huipata yote. Vijidudu vyake hubaki udongoni hata baada ya mmea kufa. Basi mtu apandaye viazi mahali nyanya zilipokufa huwa anavilisha vijidudu hivyo.

Ugonjwa huo hutambulikana kwa urahisi. Mmea ukinyauka ghafula hali majani yake yangali mabichi, shina likatwe karibu na ardhi, na kipande chake kining'inizwe ndani ya bilauri ya maji safi bila kutikiswa. Ukionekana ute mweupe ukiteremka majini kama uzi wa moshi, huo ndio mnyauko. Mmea ung'olewe na kuchomwa moto, wala usitupwe katika shimo la mboji. Viazi vya shamba hilo visifanywe mbegu, kwa kuwa huuchukua ugonjwa. Tuta lenyewe lisipandwe jamaa ya nyanya kwa miaka kadhaa, bali lipewe mahindi, vitunguu au kabichi.

Matuta mengine nayo yapokezane zamu. Mizizi ya maharagwe ina vinundu vyenye vijidudu vyema, ambavyo huvuta naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mimea. Kwa hiyo mashina ya maharagwe yakatwe, mizizi iachwe ardhini, na msimu ufuatao tuta hilo lipandwe sukuma wiki.

Mwisho ni kupanga siku. Miche ya nyanya na kabichi hukaa kitaluni majuma manne hata sita. Atakaye kuipandikiza mwishoni mwa Machi hana budi kusia mbegu katikati ya Februari. Angojaye mawingu ndipo atafute mbegu amekwisha kuchelewa. Tena, ikiwa daftari laonyesha kwamba kabichi zilikomaa zote pamoja, nyingine zikaoza na baadaye nyumba ikakosa mboga, tuta la pili lipandwe majuma matatu baada ya la kwanza.

Hata mkaaji wa mjini mwenye matuta mawili nyuma ya nyumba aweza kufanya hivi. Gharama yake ni daftari moja na jioni moja. Asiyeitoa huenda akailipa sokoni, siku baada ya siku.