Miaka Kumi Mpakani Haikupi Uraia

Swali hili huulizwa Tunduma, huulizwa Vwawa, na huulizwa katika vijiji vya kata ya Itaka wilayani Mbozi: mtu akikaa nchi ya watu miaka kumi, akafanya kazi, akalipa kodi, akaoa na kuzaa hukohuko, si amekwisha kuwa raia? Jibu ni hapana. Miaka ni sharti mojawapo tu, na hata hiyo miaka haihesabiwi na majirani wala na mwenyekiti wa kijiji. Huhesabiwa kwa nyaraka.

Mkoa wa Songwe una sababu ya kulijua jambo hili kuliko mikoa mingi. Unapakana na Zambia na Malawi. Tunduma na Nakonde zimeshikana kiasi kwamba mgeni hatambui mji mmoja umeishia wapi. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka, wanaoana na kuzikana. Vijana waliosomea unesi, ualimu, uhasibu na ufundi huvuka kutafuta kazi Lusaka na Kitwe, na wataalamu wa nje huja kufanya kazi huku kwetu. Wote hao wanakutana na milango mitatu: ruhusa ya kuingia, ruhusa ya kufanya kazi na kuishi, kisha uraia. Wengi huharibikiwa kwa kudhani kwamba ukifunguliwa wa kwanza, miwili iliyobaki itajifungua yenyewe.

Kuingia ni jambo moja, kazi ni jingine

Mtanzania haombi viza kuingia Zambia kwa matembezi. Anagongewa muhuri, anapewa siku zake, na zikifika 90 ukarimu umekwisha. Muhuri huo ni wa mgeni. Nesi atakayeanza kazi katika zahanati ya Nakonde akiwa na muhuri wa matembezi amevunja sheria tangu zamu yake ya kwanza, na miezi atakayofanya kazi kwa namna hiyo haitamsaidia siku atakapoomba ukaazi. Inaweza hata kumponza, kwa kuwa ombi lenyewe litakuwa limefichua kosa.

Wapo wanaodhani Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ambalo itifaki yake ilianza kutumika mwaka 2010, linawafungulia njia. Zambia si mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tunachoshirikiana nayo ni SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, na itifaki ya SADC ya mwaka 2005 kuhusu watu kuvuka mipaka kwa urahisi imekaa miaka mingi bila kuridhiwa na nchi za kutosha. Vibali vya ujirani mwema navyo vina kazi yake: soko, hospitali, msiba, kuwaona ndugu. Ukivitumia kwa miaka ishirini utakuwa jirani wa miaka ishirini. Hutakuwa mkaazi.

Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa Oktoba 2019, kimepunguza foleni kwa sababu maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja. Umuhimu wa mihuri haukupungua. Anayekwepa kituo na kupita njia za panya anaokoa nusu saa, na anapoteza ushahidi ambao siku moja atautafuta asiupate.

Mtaalamu anayekuja Songwe

Tuanze na upande wetu. Mgeni anayetaka kuajiriwa Tanzania anahitaji nyaraka mbili kutoka ofisi mbili. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Kibali cha ukaazi hutolewa na Idara ya Uhamiaji chini ya Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Mwajiri ndiye mwenye jukumu la kuonyesha kwamba ametafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo na hakumpata.

Vibali vya kazi vimegawanywa kwa madaraja. Daraja A ni la mwekezaji. Daraja B ni la taaluma zinazohitajika sana, kama udaktari na ualimu wa sayansi. Daraja C ni la taaluma nyinginezo, D ni la watumishi wa dini na huduma za hisani, na E ni la wakimbizi.

Kuna sharti moja la sheria hii linaloonyesha nia yake kuliko mengine yote: mwajiri lazima awe na mpango wa urithishaji, yaani maelezo ya jinsi ujuzi wa mgeni utakavyohamishiwa kwa Watanzania katika kipindi chake cha kazi. Kwa maneno mengine, sheria inampokea mtaalamu ikiwa imekwisha panga namna ya kumuaga. Kibali hudumu miezi 24 na huweza kuhuishwa. Sheria ilipotungwa iliweka ukomo wa miaka mitano kwa jumla, na marekebisho ya mwaka 2021 yakausogeza hadi minane.

Saba na mmoja

Sasa weka ukomo huo mezani pamoja na Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Mgeni anayeomba uraia wa tajnisi anatakiwa awe ameishi Tanzania miezi 12 mfululizo kabla tu ya kuomba. Pamoja na hiyo, katika miaka kumi iliyotangulia miezi hiyo 12, awe ameishi nchini kwa vipindi ambavyo jumla yake si chini ya miaka saba. Saba na mmoja ni minane. Mwajiriwa anayetegemea kibali cha kazi pekee anafikia kizingiti cha uraia wakati uleule kibali chake kinapofika ukingoni. Hana mwezi wa kupoteza.

Tuchukue mfano wa kubuni. Daktari Mzambia anaanza kazi katika hospitali moja wilayani Mbozi mwezi Machi 2015, vibali vyake vikiwa kamili. Mwaka 2018 anarudi Lusaka kusomea ubingwa, anakaa miaka mitatu, kisha anarejea. Machi 2026 anataka kuomba uraia. Ofisa anaanzia mwisho: Machi 2025 hadi Machi 2026, je, alikuwepo mfululizo? Alikuwepo. Kisha anarudi nyuma miaka kumi, Machi 2015 hadi Machi 2025, anatoa mitatu ya masomo, inabaki saba. Saba imetimia. Hesabu hii inasomwa kwenye kurasa za pasipoti: muhuri wa kutoka Tunduma, muhuri wa kurudi, tarehe ya kibali kuanza, tarehe ya kuhuishwa. Ikiwa kati ya kibali kilichokwisha na kilichofuata kuna pengo la miezi minne, ofisa ana haki ya kuuliza: katika miezi hiyo ulikuwa nani hapa nchini?

Miaka ikitimia, masharti mengine yanasubiri. Mwombaji ajue Kiswahili au Kiingereza vya kutosha, awe na tabia njema, awe amechangia au anaweza kuchangia uchumi, sayansi au ustawi wa jamii, na awe na nia ya kuendelea kuishi Tanzania. Uamuzi ni wa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, na sheria haimlazimishi kutoa sababu anapokataa. Akikubaliwa, sharti aukane uraia wake wa awali.

Kwa ndoa za mpakani kuna tofauti ambayo familia nyingi huigundua baada ya harusi. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania anaruhusiwa kuomba uraia kwa msingi wa ndoa hiyo. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hana njia hiyo; anapanga foleni ya tajnisi kama wageni wengine.

Anayetaka ushahidi kwamba kukaa peke yake hakumfanyi mtu raia aangalie jirani zetu wa Katavi. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walikaa Katumba na Mishamo, na wengine Ulyankulu mkoani Tabora, wakilima na kulea wajukuu. Uraia waliupata kwa uamuzi wa Serikali uliotekelezwa kwa kundi zima, na vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014, vikawahusu watu zaidi ya 160,000. Walikuwa wamekaa miaka 42. Bila uamuzi ule wangebaki wakimbizi.

Ukivuka kwenda Zambia

Zambia ina hesabu yake. Mwajiri humwombea mfanyakazi kibali cha ajira, na kazi isiyozidi miezi sita ina kibali chake cha muda. Kuhusu uraia, Katiba yao kama ilivyorekebishwa Januari 2016 inamruhusu mtu aliyefikisha miaka 18 na kuishi huko mfululizo kwa miaka kumi kuomba kusajiliwa na Bodi ya Uraia. Aliyezaliwa Zambia, au aliyezaliwa nje lakini ana mzazi, babu au bibi ambaye ni au alikuwa raia wa kuzaliwa wa Zambia, anahitaji miaka mitano. Aliyefunga ndoa na Mzambia naye huomba baada ya ndoa kudumu miaka mitano.

Kipengele cha babu na bibi huwasisimua wengi Songwe, kwa kuwa familia chache za mpakani hazina ndugu ng'ambo. Kina mtego wake. Zambia ilizaliwa tarehe 24 Oktoba 1964, na kabla ya siku hiyo hapakuwa na raia wa Zambia. Bibi aliyefariki mwaka 1960 huko Nakonde hawezi kuwa msingi wa ombi, hata kama ukoo mzima unalijua kaburi lake. Unahitaji mtu aliyekuwa raia, na karatasi inayosema hivyo.

Tangu marekebisho yale ya 2016, Zambia inaruhusu uraia pacha. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Mtanzania anayechukua uraia wa Zambia kwa hiari yake anaupoteza wa Tanzania, hata kama Lusaka hawakumwomba aukane. Mtoto aliyezaliwa na uraia wa nchi mbili anaweza kuwa nao wote hadi afikishe miaka 18, kisha atachagua. Wazazi waandike tarehe hiyo mahali watakapoiona.

Mbali zaidi

Kanuni ni hiyohiyo kwa wanaolenga Ulaya na Amerika. Uingereza imekuwa ikitaka mwenye viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi akae miaka mitano ndipo aombe ukaazi wa kudumu, asiwe nje zaidi ya siku 180 katika kipindi chochote cha miezi 12. Kwa kawaida husubiri miezi 12 mingine kabla ya kuomba uraia, akiwa hajawa nje zaidi ya siku 450 katika miaka mitano na siku 90 katika mwaka wa mwisho. Mei 2025 serikali ya huko ilitangaza nia ya kuifanya ile mitano ya ukaazi kuwa kumi, na Julai mwaka huohuo ikafunga mlango wa kuajiri wahudumu wapya wa wazee kutoka nje. Canada humpa mtaalamu ukaazi wa kudumu kwanza, halafu hudai siku 1,095 za kuwepo nchini ndani ya miaka mitano kabla ya ombi la uraia. Ujerumani tangu Juni 2024 inadai miaka mitano badala ya minane.

Kwa wauguzi na madaktari, Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Kwa sababu hiyo waajiri wa Uingereza hawapaswi kuja kuwasaka huku, ingawa mtu binafsi anaweza kuomba kazi mwenyewe. Basi wakala anayezunguka Mlowo na Tunduma akidai ametumwa na hospitali ya London kukusanya manesi ana maswali ya kujibu kabla hujampa hata shilingi. Hati ya udhamini wa viza hutolewa na mwajiri aliyesajiliwa, na haiuzwi.

Na shamba la Itaka je?

Kwa mtu wa Itaka uamuzi huu una uzito wa ardhi. Mbozi ni nchi ya kahawa, na shamba ni urithi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kijana anayeapa utii kwa nchi nyingine anabaki na swali la shamba la baba yake mkononi. Hadhi maalum kwa watu wenye asili ya Tanzania, iliyoingizwa kwa marekebisho ya Sheria ya Uhamiaji na ya Ardhi, imekusudiwa kupunguza makali hayo. Ni nafuu ya kweli, ila si uraia. Haimpi mtu kura.

Kinachosahaulika ni kwamba ukaazi wa kudumu haugusi uraia wako. Mtanzania anaweza kuishi na kufanya kazi Canada au Uingereza kama mkaazi wa kudumu huku pasipoti yake ikibaki ya Tanzania na jina lake likibaki kwenye shamba. Gharama yake ni kutokaa nje mno: wa Uingereza hupotea mtu akiwa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo, na wa Canada hudai siku 730 za kuwepo katika kila miaka mitano. Kwa mwenye ardhi na wazazi Mbozi, mimi hushauri asimame hapo, asivuke hadi uraia mpaka awe na sababu nzito kuliko wepesi wa pasipoti.

Kwa hiyo, kabla ya safari, pata kibali kinachoendana na kazi utakayofanya, si muhuri wa matembezi. Pita kituoni kila unapovuka. Huisha kibali kabla hakijakwisha. Tunza pasipoti za zamani, mikataba ya kazi, hati za mishahara na risiti za kodi, kwa sababu miaka usiyoweza kuithibitisha ni miaka ambayo hukukaa. Na kabla ya kutia saini ombi la uraia wa nchi nyingine, keti na wazee wako na wakili, mkiwa na hati za shamba mezani.