MTOTO MWENYE USONJI NA KAZI ZA KILA SIKU



Baadhi yetu hapa Kasese, tangu milima ya Mahango mpaka Bwera, tunakwenda zamu tukiwa na wasiwasi juu ya mtoto tuliyemwacha nyumbani. Ametimiza miaka 9, bado havai shati peke yake. Jirani anasema amerogwa, shemeji anasema mama amemdekeza. Yote mawili si kweli.

Usonji ni hali ya ubongo ambayo mtoto huzaliwa nayo. Daktari Leo Kanner aliieleza huko Marekani mwaka 1943, na mwaka 1978 Victor Lotter alichapisha uchunguzi wake juu ya watoto wenye hali hiyo katika Afrika. Kwa hiyo wanaosema ni ugonjwa wa Wazungu wamekosea.

Kuoga, kuvaa, kula, kuchota maji, kutumwa dukani: mtoto huyu huyajifunza kwa kuchelewa, hata akiwa hodari darasani. Anaweza kuhesabu fedha za kahawa za baba yake bila kukosea, na vifungo vikamshinda. Watafiti wa Marekani waliofuata watoto tangu miaka 2 hadi 21 walieleza mwaka 2015 kwamba kundi moja lilisonga mbele upesi, jingine polepole sana, lakini yote mawili yalisonga. Waliofundishwa na wazazi wao kabla ya miaka 3 walionekana zaidi katika kundi la kwanza. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2012, ulionyesha kwamba maendeleo haya huendelea katika ujana mpaka karibu miaka 30, ndipo husimama na baadaye kuanza kurudi nyuma. Basi mwenye kijana wa miaka 16 asikate tamaa, wala asikae akingoja.

Namna ya kufundisha tunaijua kazini. Mwanagenzi hakabidhiwi mashine nzima siku ya kwanza. Mfunge mtoto vifungo vyote, umwachie kimoja cha mwisho. Akikiweza, mwachie viwili. Maji aanze na jerikeni ndogo, njia ile ile, saa ile ile. Mwonyeshe kwa mkono, maneno yawe machache. Mama, baba na dada wafuate utaratibu mmoja, maana kila mtu akiwa na wake mtoto huchanganyikiwa.

Wakati utapatikana wapi? Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inatupa siku 7 za likizo yenye malipo kwa kila miezi minne ya kazi. Twajua siku hizo huishia kwenye palizi. Hata hivyo, saa moja ya asubuhi katika siku hizo yatosha kuanzisha jambo moja.

Wazazi wenye watoto wa namna hii wamweleze katibu wa tawi lao, ili suala la zamu za usiku liingizwe katika mazungumzo yetu na mwajiri.